Likizo Malta: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu mahali pa kulala na usafiri wa kisiwani

Kila jamaa anayejiandaa kwenda Malta huniuliza kwanza bei ya chumba, nami humrudishia swali: kutoka mlangoni pa chumba hicho hadi kituo cha basi au gati la boti ni mwendo gani? Malta, iliyo katika Bahari ya Mediterania kusini ya Italia, ni nchi ndogo sana. Visiwa vyake vyote kwa pamoja ni kilomita za mraba 316, na kisiwa kikuu kina urefu wa kilomita 27 hivi. Unguja peke yake inaizidi nchi hiyo nzima zaidi ya mara nne. Hata hivyo udogo huo humdanganya mgeni, kwa sababu wakazi ni zaidi ya nusu milioni, magari yamejaa, barabara nyingi ni nyembamba, na kilomita 10 za asubuhi zinaweza kumla mtu saa nzima. Aliyepanga chumba cha bei nafuu mahali pabaya hulipa tofauti hiyo kwa muda wake, na likizo ya siku saba haina muda wa kutupa.

Nikiwa na pasipoti ya nchi ya Afrika Mashariki, nahitaji viza gani, na mahali pa kulala panahusianaje na viza hiyo?

Malta ilijiunga na Umoja wa Ulaya tarehe 1 Mei 2004 na kuingia katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, mwezi Desemba 2007. Kwa hiyo mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo anahitaji viza ya Schengen ya muda mfupi, ambayo humruhusu kukaa hadi siku 90 katika kipindi chochote cha siku 180. Wenzetu wanaoishi Uingereza hupotoka sana hapa: wanadhani kwamba kwa kuwa Malta ilitawaliwa na Waingereza hadi mwaka 1964, kibali cha ukaazi wa Uingereza kinatosha. Hakitoshi. Anayeishi kihalali katika nchi ya Schengen, kama vile Ujerumani au Uswidi, ndiye anayesafiri kwa kibali chake cha ukaazi na pasipoti bila kuomba viza nyingine.

Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na yasipelekwe zikiwa zimebaki chini ya siku 15. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na bima ya safari iwe na kinga ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Kuhusu malazi, utatakiwa kuonyesha utakapolala kwa usiku wote wa safari. Ushauri wangu ni kupanga chumba ambacho unaweza kukifuta bila kupoteza fedha, kisha ukishapata viza ndipo uangalie upya kama hapo ndipo unapopataka kweli. Nimeona watu wakifunga mkataba usiorudisha fedha kwa ajili ya kuokoa euro chache, halafu viza ikachelewa.

Ni sehemu gani ya kisiwa inayofaa zaidi kwa mtu anayekwenda mara ya kwanza na hatakuwa na gari?

Valletta, mji mkuu, au mahali palipounganishwa nao kwa boti. Sababu yake ni ramani yenyewe. Mji huu ulianzishwa mwaka 1566, mwaka mmoja baada ya Waturuki wa Dola ya Osmani kukizingira kisiwa na kushindwa, na Jean de Valette, mkuu wa Mashujaa wa Mtakatifu Yohane, watawa wapiganaji wa Kikatoliki waliotawala kisiwa wakati huo, aliuweka juu ya mgongo wa ardhi uliojitokeza kati ya bandari mbili. Nje ya lango lake, kuizunguka chemchemi ya Triton, ndipo kilipo kituo kikuu cha mabasi, na njia nyingi za kisiwa huanzia au kuishia hapo. Anayelala Valletta huamka na kupanda basi moja tu kwenda karibu popote. Anayelala kwingine mara nyingi hulazimika kupanda basi la kwanza kwenda Valletta na la pili kwenda anakokusudia.

Aliyezoea Mji Mkongwe wa Zanzibar au Mombasa ya kale hatajihisi mgeni kabisa huko. Nyumba ni za mawe ya chokaa ya rangi ya asali, vichochoro ni vyembamba, na juu ya kichwa chako zimening'inia roshani za mbao zilizofungwa pande zote, zimepakwa rangi ya kijani, nyekundu au buluu, ambamo mtu anaweza kukaa na kutazama njia bila yeye kuonekana. Shida ni miinuko. Mitaa imenyooka, lakini ile inayoshuka kuelekea baharini huishia katika ngazi, na nyumba nyingi za kale hazina lifti. Safari yangu ya kwanza nilipanga chumba cha orofa ya nne kwa sababu picha ya dirisha ilinivutia. Niliburuta sanduku langu kwa ngazi za mtaani, kisha kwa ngazi za mawe za ndani zinazozunguka kama konokono, na nilipofika juu kiganja kilikuwa kimechubuka. Tangazo halikusema neno lolote kuhusu orofa, nami sikuuliza. Sasa huuliza mambo matatu kabla ya kulipa: orofa ya ngapi, kuna lifti au hakuna, na gari linaweza kufika mlangoni au linaishia wapi.

Ng'ambo ya bandari ya Marsamxett ipo Sliema, yenye majengo marefu ya kisasa, maduka na njia ndefu ya kutembelea kando ya bahari. Kivuko kinakuvusha hadi Valletta kwa dakika 10 hivi, wakati basi linalozunguka ghuba kwa njia ya Msida huweza kutumia nusu saa au zaidi foleni ikikaza. Ufuo wa Sliema ni wa miamba bapa, wala si mchanga. Watu huogelea kwa kushuka ngazi za chuma. Jirani yake ni St Julian's, ambako kuna mikahawa mingi mizuri, na ndani yake kuna Paceville, mtaa wa kumbi za muziki. Familia yenye watoto isilale Paceville. Kelele huko hazipungui hadi alfajiri.

Mimi mwenyewe ningepanga upande wa pili kabisa, katika Miji Mitatu: Birgu, Bormla na Isla. Birgu ndiko walikokaa wale mashujaa wa Mtakatifu Yohane walipofika mwaka 1530, kabla Valletta haijakuwapo. Jioni wazee hutoa viti vyao nje ya milango na kuzungumza kwa sauti ya kutosha mtaa mzima, na bei za vyumba mara nyingi huwa chini kuliko za Valletta. Kivuko kidogo huvuka Bandari Kuu hadi chini ya kuta za Valletta, kisha lifti ya mita 58, iliyofunguliwa mwaka 2012, inakupandisha hadi bustani za Upper Barrakka. Ukivuka karibu na saa sita mchana utasikia mzinga wa salamu ukilia kutoka kwenye boma lililo chini ya bustani hizo. Ni mvuko wa dakika chache tu, na kwangu mimi hakuna basi la kisiwani linalofanana nao.

Je, Buġibba, Qawra na Mellieħa, ambako hoteli ni za bei nafuu na bwawa la kuogelea limo, si bora kwa familia?

Inategemea familia inataka nini. Buġibba na Qawra ziko kaskazini, zina hoteli nyingi na vyumba vyenye jiko, na hapo fedha hukaa mfukoni. Lakini kila safari ya kwenda Valletta ni ya takriban saa moja kwa basi, na ya kurudi ni hivyo hivyo. Ikiwa watoto wanataka mchanga, pitiliza hadi Mellieħa, kwa kuwa ghuba yake ya Għadira ndiyo yenye ufuo mrefu zaidi wa mchanga nchini na maji yake ni mafupi hadi mbali, na kutoka hapo si mbali na Ċirkewwa, kwenye kivuko cha kwenda Gozo, kisiwa cha pili kwa ukubwa. Kitu kimoja cha kukumbuka: mji wa Mellieħa uko juu ya kilima na ufuo uko chini. Hoteli ikisema "Mellieħa", uliza ni juu au ni chini.

Mabasi yanatosha kweli, au ni maneno ya vitabu vya watalii tu?

Yanatosha kwa mtu mwenye subira na aliyepanga vizuri. Mtandao unafika karibu kila kijiji, tiketi moja hudumu kwa saa mbili hata ukibadilisha basi, na zipo kadi za siku saba ambazo humfaa anayepanda mara nyingi kwa siku. Wenyeji wenye kadi zao binafsi husafiri bure tangu Oktoba 2022. Punguzo hilo halimhusu mgeni, ila matokeo yake yanamhusu, kwa maana mabasi yamejaa zaidi.

Basi halisimami lenyewe. Unanyoosha mkono kama unavyosimamisha daladala au matatu, isipokuwa hapa hakuna konda wa kukuita wala wa kukusogeza ndani, na dereva akiona nafasi imekwisha hupita bila kusimama. Julai moja nilisimama kituo kimoja cha katikati ya njia, St Paul's Bay, tangu saa tatu asubuhi, na mabasi matatu yalipita yamejaa pomoni huku abiria wakitutazama kupitia vioo kwa huruma. Bibi mmoja mwenyeji aliyekuwa nami alinifundisha dawa yake: rudi nyuma vituo vichache, hadi pale basi linapoanzia safari, upande likiwa tupu. Tangu siku hiyo, ninapochagua chumba huangalia kama kiko karibu na mwanzo wa njia.

Kutoka Valletta, mabasi 41 na 42 huenda Ċirkewwa, 51, 52 na 53 huelekea mji wa kale wa Mdina na jirani yake Rabat, 81 na 85 huenda kijiji cha wavuvi cha Marsaxlokk, na 74 hupita karibu na mahekalu ya kale ya Ħaġar Qim. Kutoka Sliema, 222 huenda Ċirkewwa bila kupitia Valletta. Njia zenye namba za 300 na kitu ziko Gozo. Namba hubadilishwa mara kwa mara, kwa hiyo pakua programu ya kampuni ya mabasi kwenye simu yako kabla ya kuondoka nyumbani.

Nikodi gari? Nimesikia kwamba wanaendesha upande wa kushoto kama kwetu.

Ni kweli, wanaendesha kushoto na usukani uko kulia, kwa hiyo dereva wa Tanzania, Kenya au Uganda hatapata tabu ambayo humpata mgeni kutoka Italia. Dereva wa Rwanda, Burundi au Kongo ndiye atakayehitaji siku ya kujizoeza. Mwendo wa juu kabisa kisheria ni kilomita 80 kwa saa, na 50 ndani ya miji. Ugumu haumo katika kuendesha bali katika kuegesha. Ukilala Sliema au Valletta, gari litakuwa mzigo: utazunguka mitaa usiku ukitafuta nafasi, na masanduku yaliyochorwa kwa rangi ya kijani barabarani ni ya wakazi peke yao, wakati yale meupe ni ya kila mtu. Kuingia Valletta kwa gari kunarekodiwa na kamera, na ada hutozwa kulingana na muda uliokaa ndani.

Ningekodi gari kwa siku mbili au tatu tu, za Gozo au za kuzunguka magharibi ya kisiwa, kwenye fuo za Għajn Tuffieħa na Golden Bay na majabali ya Dingli. Beba leseni yako ya nyumbani pamoja na kibali cha kimataifa cha udereva, na iulize kampuni kwa maandishi kama inavikubali. Kampuni nyingi huzuia dhamana kwenye kadi ya mkopo yenye jina la dereva mwenyewe. Piga picha kila mkwaruzo kabla ya kuondoa gari, pamoja na magurudumu na kioo cha mbele. Niliwahi kudaiwa mkwaruzo ambao haukuwa wangu, na picha yenye saa na tarehe ndiyo iliyoniokoa.

Na teksi?

Teksi za kuitwa kwa programu ya simu, zikiwamo Bolt, Uber na eCabs, zipo na huonyesha bei kabla hujapanda. Kwa familia ya watu wanne inayofika uwanja wa ndege wa Luqa usiku na mizigo, teksi ni busara kuliko basi. Mchana, basi la X4 huenda Valletta, na X1 huenda moja kwa moja hadi Ċirkewwa kwa wale wanaokwenda Gozo.

Gozo niende na kurudi siku hiyo hiyo, au nilale huko?

Lala. Wengi huenda kwa siku moja, wakatumia saa nne au tano njiani, na wakarudi wakisema Gozo ni pazuri ila hawakuiona. Kisiwa kina kilomita za mraba 67, mashamba yake yamegawanywa kwa kuta za mawe, na usiku wake ni wa kimya ambacho kisiwa kikuu kimekwisha kukipoteza. Kivuko kikubwa huvuka kati ya Ċirkewwa na Mġarr, bandari ya Gozo, kwa dakika 25 hivi, mchana na usiku. Kwenda hulipi chochote. Nauli, ambayo kwa mtu mzima asiye na gari ni chini ya euro 5, hulipwa upande wa Mġarr wakati wa kurudi. Tangu mwaka 2021 kipo pia chombo cha mwendo wa kasi kutoka Valletta hadi Mġarr, kinachotumia dakika 45 hivi na kisichobeba magari. Kinamfaa sana anayelala Valletta, ila bahari ikichafuka huweza kusitishwa, kwa hiyo usikitegemee siku ya ndege yako.

Asiye na gari alale Victoria, mji mkuu wa Gozo, kwa sababu mabasi yote muhimu ya Gozo hutawanyika kutoka hapo na ngome ya kale, iitwayo Cittadella, iko juu ya kichwa chake. Mwenye gari na kundi la watu sita au wanane apange nyumba ya shamba ya mawe yenye bwawa, kule Għarb au Xagħra. Gharama ikigawanywa, kila mmoja hulipa kiasi kidogo. Xagħra ndiko yaliko mahekalu ya Ġgantija, yaliyojengwa yapata miaka 3,600 kabla ya Kristo, yaani kabla ya mapiramidi ya Giza. Anayetaka kuona lile tao la mwamba lililo katika picha za zamani za Dwejra, pwani ya magharibi ya Gozo, ajue kwamba liliporomoka baharini tarehe 8 Machi 2017. Mahali penyewe bado panastahili safari, hasa jua linapozama.

Comino na maji yake ya buluu je?

Nenda, lakini asubuhi na mapema au nje ya Julai na Agosti. Comino ni kisiwa kidogo kati ya Malta na Gozo, na kwa miaka mingi boti zilimwaga watu hadi mwamba ukawa hauna pa kutandika taulo. Tangu mwaka 2025 mgeni hujiandikisha kwanza mtandaoni, bila malipo, kwa muda maalumu, ndipo aruhusiwe kushuka kwenye Blue Lagoon, ghuba yenye maji hayo ya buluu.

Chumba kiwe na nini ili nisijute?

Kuanzia Juni hadi Septemba, kiyoyozi si anasa. Joto hupita nyuzi 30, na upepo wa kusini-mashariki ukivuma kutoka Jangwa la Sahara huja na unyevunyevu ambao hata mtu wa Tanga atalalamika. Watu husahau upande wa pili. Kati ya Desemba na Februari mchana huwa nyuzi 15 au 16 hivi, jambo linalosikika kuwa dogo, lakini nyumba za mawe hazina mfumo wa kupasha joto na kuta hunywa mvua. Ndani huwa baridi kuliko nje. Uliza kama kiyoyozi kinatoa pia hewa ya moto. Mimi huichagua Mei, au mwisho wa Septemba hadi katikati ya Oktoba, wakati bahari bado ina joto la kiangazi na vyumba vimeanza kushuka bei.

Uliza pia kama kuna ujenzi jirani, kwa kuwa winchi za ujenzi ziko kila upande wa Sliema na huanza kazi asubuhi. Wakati wa kiangazi kila kijiji kina sherehe ya mtakatifu wake, yenye kengele, bendi na fataki nzito hata mchana. Ni tamasha zuri kulitazama ila si zuri kulilalia. Plagi ni zile za pini tatu bapa tunazotumia Tanzania, Kenya na Uganda.

Kimalta nitakielewa?

Kiingereza ni lugha rasmi pamoja na Kimalta, hivyo hutakwama. Lakini Kimalta kimetokana na Kiarabu, na mzungumzaji wa Kiswahili husikia jamaa zake humo. Sitta, sebgħa na disgħa ni sita, saba na tisa. Għoxrin ni ishirini, tletin ni thelathini, baħar ni bahari, na merħba, ndugu wa marahaba yetu, ni karibu. Hata Mdina, Msida na Mġarr, ambazo huwashinda wageni wengi kwa ile m ya mwanzo, kwetu ni nyepesi. Herufi x husomwa sh, ċ ni ch, na ġ ni j: Marsaxlokk ni "Marsashlokk", yaani bandari ya upepo wa kusini-mashariki.

Mtego upo katika siku za juma. Il-Ġimgħa ni Ijumaa na il-Ħamis ni Alhamisi, kama unavyotarajia. Lakini sisi huhesabu kuanzia Jumamosi, wao huhesabu kuanzia Jumapili. It-Tlieta, yenye tatu ndani yake, si Jumatatu bali ni Jumanne, na l-Erbgħa, yenye nne, ni Jumatano. Soko maarufu la samaki la Marsaxlokk ni siku ya il-Ħadd, ambayo ni Jumapili, nalo lifuate mapema, kwa sababu basi la 81 siku hiyo hujaa kabla halijatoka Valletta.

Mwislamu atapata pa kuswali na chakula cha halali?

Msikiti mkuu uko Paola, umbali mfupi kwa basi kutoka Valletta au kutoka Miji Mitatu, na hiyo ni sababu nyingine ya kupanga upande huo. Chakula cha halali kinapatikana katika mikahawa kadhaa ya Waarabu na Waturuki, lakini sungura, ambaye ndiye kitoweo cha taifa, na mikate ya pastizzi ya kawaida visichukuliwe kuwa ni halali bila kuuliza. Baadhi ya mikate hiyo hukandwa kwa mafuta ya nguruwe. Chumba chenye jiko na samaki wa Marsaxlokk hulimaliza tatizo hilo kwa siku kadhaa.